JINA LAKO HALIFUTWI



Majuma haya machache nimepokea maswali ya wasomaji, mengine kwa barua, mengine kwa mdomo mlangoni pa ofisi ya parokia baada ya Misa ya Jumapili. Yametoka kwa watu mbalimbali, lakini ukiyaweka pamoja utaona kwamba yote ni swali moja.

Baba mmoja mkulima auliza: "Karani, mimi nimebatizwa tangu utoto, nasali, na kanisani sikosi. Mvua imekatika, mahindi yangu yamekauka yakiwa magotini. Mwenzangu mwenye shamba la bondeni, asiyejua hata njia ya kanisani, amevuna magunia. Ukristu wangu umenifaa nini?"

Mama mmoja auliza: "Mume wangu alikwenda mgodini, huu mwaka wa tatu, haleti habari wala senti. Nina watoto wanne. Nisali nini ambacho sijasali?"

Na wa tatu, naye ndiye aliyeniumiza moyo zaidi, ameandika mistari michache tu: "Nina deni la zaka la miaka miwili. Jumuiya siendi tena kwa aibu. Je, mimi bado ni Mkristu?"

Wasomaji wapenzi, mambo makubwa ya mafundisho nawaachia mapadre wetu, maana wao ndio waliosomeshwa kwa kazi hiyo. Mimi kazi yangu ni kalamu na vitabu. Lakini katika vitabu hivyo mna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo lawahusu hawa watatu, na lakuhusu wewe pia. Leo tulitazame.

KITABU KILICHOMO KABATINI

Katika kabati la kila parokia mna kitabu kikubwa cha ubatizo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaamuru kila parokia iwe na vitabu vyake, yaani cha ubatizo, cha ndoa, cha waliofariki, na vinginevyo vinavyotakiwa. Desturi hii si ya jana. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ndoa, na pia majina ya wasimamizi wa ubatizo. Kwa hiyo unapomwona karani amevaa miwani akifunua kurasa kubwa za kitabu, ujue kwamba anaendeleza kazi iliyoanza kabla ya babu wa babu yake.

Humo ndani huandikwa nini? Namba, siku ya kuzaliwa na mahali, siku ya ubatizo, jina, jina la baba na la mama, jina la msimamizi, na jina la aliyebatiza. Kisha pembeni huachwa nafasi. Mtu akipata Kipaimara, huandikwa hapo. Akifunga ndoa, hata kama ni katika parokia ya mbali, habari hurudishwa kwetu, tukaandika hapo. Akiwekwa upadre au akifunga nadhiri za daima za utawa, huandikwa hapo hapo. Hivyo mstari ule mmoja hukua pamoja na mtu.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Katika kitabu hicho karani huongeza, lakini hafuti mtu. Hakuna safu ya kuandika, "Huyu amefilisika." Hakuna mahali pa kuandika, "Huyu ameachwa na mumewe." Hakuna alama ya kuonyesha kwamba fulani hakuvuna mwaka huu. Umaskini hauna nafasi humo, wala utajiri. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku, mistari yao ni ya upana mmoja.

Na kitabu ni kivuli tu cha jambo lenyewe. Katika katekisimu tulifundishwa kwamba ubatizo huitia roho alama isiyofutika, ndiyo maana mtu habatizwi mara mbili. Karatasi yaweza kuliwa na mchwa, au kulowa maji bati likivuja, lakini alama ile hailowi. Wanafunzi sabini na wawili waliporudi kwa Bwana wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, aliwaambia wasifurahie jambo hilo, bali wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Maana mafanikio huja na kupita, lakini jina lililoandikwa mbinguni halitegemei mafanikio.

Basi kwa msingi huo tuwajibu wenzetu, mmoja baada ya mwingine.

ROZARI SI HIRIZI

Nianze na baba wa mahindi. Ndugu yangu, uliposema, "Ukristu wangu umenifaa nini," ulikuwa unauliza kama mtu aliyenunua dawa ikakataa kumponya. Lakini je, tuliahidiwa hivyo? Bwana mwenyewe alifundisha kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wema na wabaya pia. Hakusema kwamba shamba la aliyebatizwa litapata mawingu yake peke yake. Mwenzako wa bondeni amevuna kwa sababu bonde hushika maji. Usimchukie, wala usimwonee Mungu uchungu kwa sababu ya bonde.

Nakuletea habari za mtu mmoja wa Kongo, kwa kuwa kisa chake chajibu swali hili vizuri kuliko maneno yangu.

Mtu huyu ni Mwenye Heri Isidori Bakanja. Hakuwa padri, wala mtawa, wala msomi. Alikuwa kijana mfanyakazi, msaidizi wa waashi. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 huko Mbandaka, na mapadre Watrapisti, akavishwa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Wengi wenu mwaijua skapulari: vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, huvaliwa shingoni. Baadaye alipata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Wazungu wa kampuni iliyofanya biashara ya mpira na pembe, akafika nao mahali paitwapo Ikili. Huko hapakuwa na misioni karibu. Isidori alisali rozari yake, na wenzake walipomwuliza, aliwafundisha kusali.

Bwana mkubwa wa pale aliwachukia mapadre na mambo yao. Alimwamuru Isidori aache kufundisha watu, na avue kile kitambaa shingoni. Isidori hakukivua. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari, zaidi ya mapigo mia, mpaka mgongo wote ukawa donda moja. Halafu akafungwa minyororo miguuni. Mkaguzi wa kampuni alipokuwa anakuja, wakataka kumwondoa asionekane, lakini akajificha porini, akamtokea mkaguzi, naye akamhurumia akamchukua atibiwe. Vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza. Mapadre walifika wakampa Sakramenti. Aliwaambia kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri.

Msomaji, simama hapa kidogo ufikiri nami. Kama skapulari ingekuwa hirizi, hii ingekuwa hirizi mbovu kuliko zote ulimwenguni! Mwenye kuivaa alipigwa, na alipigwa kwa sababu yake. Mtu wa hirizi angeitupa siku ile ile, akatafuta nyingine yenye nguvu zaidi. Isidori hakuitupa, kwa kuwa hakuivaa ili asipigwe. Aliivaa kwa sababu ilionyesha yeye ni wa nani. Na mtu akijua yeye ni wa nani, anaweza kuteswa bila kugeuka kuwa mtu mwingine. Ameumizwa, lakini hakujaa chuki. Alidharauliwa kama mnyama, lakini alikufa kama mwana wa nyumba.

Hilo ndilo linalotufaa katika Ukristu wetu siku mvua inapokatika. Hauzuii jua lisichome mahindi, bali wamzuia mwenye mahindi asichomeke yeye. Njaa yaweza kumfanya mtu mwizi wa mihogo ya jirani. Yaweza kumfanya apunje kipimo sokoni, au aoze binti mdogo kwa ajili ya mahari, au apige mkewe kwa hasira ya chungu kitupu. Wewe, ndugu yangu, mahindi yamekauka lakini hukufanya hayo. Je, huoni kwamba umefaidiwa? Wahenga walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Tena imani haikukatazi kutumia akili. Mwulize bwana shamba juu ya mtama na mihogo, ambayo hustahimili ukavu kuliko mahindi. Mwombe yule mwenye bonde akuazime kipande cha kupanda mboga. Kusali na kushika jembe ni mikono miwili ya mtu mmoja.

USIKU MTOTO ANAPOUMWA

Kwa kuwa tumetaja hirizi, nisipite bila kusema jambo la pili, maana hapa ndipo Wakristu wengi tunapojaribiwa. Mchana sote ni Wakristu. Lakini saa nane za usiku, mtoto anawaka moto, macho yamegeuka, viungo vinakakamaa, hapo ndipo hujulikana ni nani anayeshika usukani wa nyumba.

Wako watu watakaokuambia: "Hili ni degedege, ni la pepo. Ukimpeleka hospitali akachomwa sindano atakufa. Mpeleke kwa fulani." Na huyo fulani atapiga ramli, na mwisho atakuambia kwamba jirani yako, mama yule mzee, ndiye aliyemroga.

Tazameni hasara zilivyo mbili. Ya kwanza ni ya mtoto. Degedege ni dalili ya ugonjwa, na katika nchi zetu mara nyingi ugonjwa wenyewe ni malaria kali. Mtoto huyo anahitaji dawa upesi sana. Si sindano inayoua, bali kuchelewa ndiko kunakoua. Wengi waliopelekwa hospitali wakafa, walipelekwa baada ya kuzungushwa kwa waganga usiku kucha, na sindano ikasingiziwa.

Hasara ya pili ni ya kijiji kizima. Tangu usiku ule umekuwa na adui ambaye jana alikuwa jirani. Utamkataza mtoto wako asile kwake. Siku ya matanga hutakaa naye mkeka mmoja. Na katika sehemu fulani za nchi yetu vikongwe wameuawa kwa maneno ya ramli. Je, mtu aliyetiwa alama ya Kristu aweza kutoa ng'ombe wake ili auziwe chuki?

Basi ushauri wangu ni huu. Mtoto akishikwa, mfanyie ishara ya msalaba pajini, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mwamshe mwenye pikipiki, mwende zahanati au hospitali usiku ule ule. Mkiwa njiani salini. Mungu aliyeumba miti ya dawa na akili za waganga wa hospitali hawezi kukasirika ukizitumia.

Na ikiwa mtoto hajabatizwa na hali ni mbaya, kumbukeni kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, mradi awe na nia ya kufanya lifanyalo Kanisa. Mimina maji ya kawaida kichwani mwake, huku ukitaja jina lake na kusema kwamba unambatiza kwa jina la Utatu Mtakatifu, kama tulivyofundishwa katika katekisimu. Halafu uje ofisini, au umtume katekista, tuandike. Mtoto akipona hatabatizwa tena, ataletwa tu kanisani kukamilisha taratibu zilizobaki.

Usidhani jambo hili ni dogo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Mtakatifu Karoli Lwanga, aliyekuwa mlei kama wewe na mimi, aliwabatiza vijana wanne wa ikulu ya Kabaka Mwanga, kwa sababu kulipokucha walitazamia kifo. Mmoja wao alikuwa Kizito, mvulana wa miaka kama kumi na minne. Hapakuwa na padri pale, wala karani wa kufungua kitabu. Baada ya siku nane tu, tarehe 3 Juni, Lwanga na Kizito na wenzao wengi walikufa kwa moto huko Namugongo. Majina yao leo hutajwa na Kanisa lote, maana Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

MAMA ALIYEACHWA PEKE YAKE

Sasa nimgeukie mama yetu mwenye watoto wanne. Mama, sitakuambia, "Vumilia," halafu nikaenda zangu. Neno hilo umelisikia mara nyingi, na halipaliliwi nalo shamba.

Niliposema kwamba jina lako limo kitabuni, ulitazame tena lilivyoandikwa. Halikuandikwa katika kitabu cha peke yake. Juu yako kuna jina, na chini yako kuna jina, na katika mstari wako mwenyewe kuna jina la msimamizi aliyeahidi kukusaidia katika maisha ya Kikristu. Hakuna anayebatizwa peke yake. Ubatizo ni kutiwa katika ukoo.

Wakristu wa kwanza wa Uganda walilielewa jambo hili. Mapadre walipoondoka Buganda mwezi Novemba 1882, hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila Misa, bila kuungama, bila padri wa kumzika mtu. Wengine wangesema, "Mambo yamekwisha." Lakini walipokezana mafundisho nyumba kwa nyumba. Huko Mityana, Noe Mawaggali, ambaye kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu, alikuwa mmoja wa waliowakusanya wenzao kusali na kujifunza. Mapadre waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Nguvu ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliokataa kuachana.

Kwa hiyo, mama, usifiche shida yako. Mweleze mwenyekiti wa jumuiya yako ndogo ndogo. Waeleze akina mama wa WAWATA. Kumwambia mwenzako kwamba umelala njaa hakupunguzi heshima yako. Na ninyi wa jumuiya, nawaambia bila kuficha: sala ya jumuiya iliyokwisha, kisha watu wakatawanyika wakipita kando ya shamba la mama huyu lililojaa magugu, haijaisha vizuri. Watu kumi na wawili wenye majembe, asubuhi moja, wanamaliza kazi ambayo yeye peke yake ingemchukua wiki mbili. Hapo hatauliza tena asali nini, kwa kuwa ataona sala yake imekuja na majembe begani.

Juu ya mumeo, nenda kamwone Baba Paroko, pia serikali ya kijiji. Parokia za sehemu za migodi zina makatekista na jumuiya, na barua ya paroko kwa paroko huweza kumtafuta mtu. Na kama yuko kimya kwa sababu amekosa fedha na anaona haya kurudi mikono mitupu, huenda akihitaji kuambiwa kwamba watoto wake wanamtaka yeye kabla ya kuutaka mfuko wake.

VITABU VIWILI, SI KIMOJA

Sasa nimefika kwa wa tatu, mwenye deni la zaka. Ndugu yangu, kwako nina neno refu kidogo, kwa kuwa najua uko pamoja na wengi walio kimya.

Katika kabati lile lile mna kitabu cha ubatizo, na mna kitabu cha zaka na michango. Vyote viwili naviandika mimi kwa kalamu moja. Lakini ni vitabu viwili. Kosa la watu wengi ni kuvichanganya vichwani mwao, wakadhani kwamba mtu akikosa kuandikwa katika kile cha pili, ameondolewa katika kile cha kwanza. Hasha!

Kile cha zaka kina maana yake. Kanuni ya 222 ya sheria ya Kanisa yasema kwamba waumini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake. Hostia na divai hununuliwa, mafuta ya pikipiki ya padri hununuliwa, katekista naye ana watoto. Mwenye nacho asitoe, huyo amejiibia mwenyewe. Sitaki mtu mwenye ng'ombe zizini asome ukurasa huu kisha ajifiche nyuma ya maskini.

Lakini sheria hiyo hiyo, kanuni ya 848, yaagiza kwamba wahitaji wasinyimwe msaada wa Sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Na kanuni ya 1181, inayozungumzia sadaka za mazishi, yasema kwamba maskini wasikoseshwe mazishi yanayowapasa. Hayo ni maneno ya Kanisa zima. Basi mtu akikuambia kijijini, "Hukulipa, wewe si Mkristu tena," amesema lake mwenyewe, hakusema la Kanisa.

Nakuomba usifanye mambo mawili ambayo watu wenye aibu hufanya.

Kwanza, usikope ili ulipe zaka. Nasikia wako watu wanaochukua ile mikopo inayoitwa "kausha damu," ya riba ya kila siku au kila wiki, ili waonekane wametoa mchango wa jubilei, au wamemfanyia mtoto karamu ya Komunyo ya kwanza. Wahenga walituonya: kukopa harusi, kulipa matanga. Mtoto atapokea Bwana yule yule akiwa na shati safi lililofuliwa nyumbani, na uji wa asubuhi baada ya Misa. Mungu hakukuomba sufuria lako lichukuliwe na wadai siku ya pili.

Pili, usijitenge. Aibu ni kama moshi wa jikoni. Ukifunga mlango na dirisha, unazidi kukutoa machozi. Fungua mlango. Nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya au kwa Baba Paroko, sema kweli: "Sina." Kama una nguvu za mikono, toa nguvu: kufyatua tofali, kuchota maji ya ujenzi, kufyeka uwanja wa kanisa. Kama huna hata nguvu, kaa kwenye benchi lako, usali. Mjane wa Injili alitoa sarafu mbili, na Bwana alimsifu kupita matajiri. Hakumwuliza za mwaka uliopita ziko wapi.

Na viongozi wa jumuiya, ndugu zangu, tusisome majina ya wadaiwa kwa sauti mbele ya watu mpaka tujue sababu ya kila mmoja. Kuna anayekwepa na kuna aliyekwama. Wa kwanza aonywe, wa pili atembelewe. Tukiwatendea wote sawa, tutawafukuza wale ambao Bwana angewaendea kwanza.

Basi unauliza kama bado wewe ni Mkristu. Nakujibu kama karani: jina lako limo. Halikuandikwa pale kwa sababu wazazi wako walilipa, wala halitatoka kwa sababu wewe hukulipa. Uliandikwa kwa sababu Kristu alilipa, tena mara moja kwa wote.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Msomaji mpenzi, nisikuache na maneno matupu. Chukua haya machache, yasiyohitaji fedha.

La kwanza: ijue siku ya ubatizo wako. Wengi twajua siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo hatuijui. Kama cheti kimepotea, njoo ofisini na jina la wazazi na mwaka, tutatafuta. Kisha siku hiyo ikifika, itaje nyumbani jioni, waambie watoto: "Leo ndiyo siku baba yenu alipoitwa kwa jina." Fanya hivyo hivyo na siku ya kila mtoto.

La pili: asubuhi kabla ya kushika jembe au simu, fanya ishara ya msalaba polepole, si kama mtu anayefukuza nzi. Ni maneno yale yale uliyobatiziwa. Kila ufanyapo hivyo umejikumbusha wewe ni wa nani kabla shida za siku hazijakuambia vingine.

La tatu: jioni, hata fumbo moja la rozari, nyumba nzima pamoja. Watoto wakisinzia waache wasinzie hapo hapo. Watakua wakijua kwamba walilala katika sauti ya sala.

La nne: mtaje mtu mmoja wa jumuiya yako ambaye hujamwona mwezi huu. Mwendee. Usiende na daftari la michango. Nenda na mkono wa salamu, na kama una kibaba cha unga, nenda nacho.

La tano: mgonjwa asisubiriwe mpaka afikie kukata roho ndipo padri aitwe. Mpako wa Wagonjwa ni wa kumtia nguvu aliye hai. Mwambieni katekista mapema, njia zetu mwazijua zilivyo wakati wa masika.

Shida hazitakwisha wiki hii. Mvua itanyesha siku yake, na deni litakuwepo Jumatatu asubuhi. Lakini wewe utakayeamka Jumatatu hiyo si mtu asiye na kwao. Unapoinama shambani, unapongoja foleni zahanati, unapohesabu shilingi zisizotosha, wewe ni yule yule aliyeitwa kwa jina mbele ya Mungu. Shika hilo, nawe utashika mengine.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya wasimamizi wa ubatizo: nani afaa kuchaguliwa, na kwa nini si lazima awe tajiri.

Nawatakieni wiki njema na amani ya Kristu nyumbani mwenu.

Wenu,
Karani wa Parokia